Ufa wa Darasa la Sita

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana, na anataka ujue kwamba goti lake limetulia tangu alipoacha kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Mwezi uliopita ulikuwa wa sare za shule. Nyumba nzima ilijaa vipande vya kitambaa cha bluu, hata kwenye chai tulikuta uzi. Kasuku hajambo. Mdogo wangu huyo sasa yuko darasa la sita, na bado anaanza kuzungumza kabla hajafumbua macho vizuri. Mama husema siku akinyamaza tumwite daktari.

Mimi nimemaliza shule kama unavyojua, nasubiri matokeo. Mwalimu mkuu wa shule anayosoma Kasuku aliniomba nishike darasa la pili kwa muda, maana mwalimu wao amejifungua. Nilikubali kwa kutikisa kichwa. Watoto wa nyuma huniambia, "Mwalimu, ongeza sauti," kana kwamba mimi ni redio.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mjomba. Nikasema shikamoo, ukasema uko kikaoni, nikasema haya. Kwenye karatasi angalau hunikatizi.

Jambo lenyewe ni hili. Unalikumbuka lile jengo jipya la madarasa manne, lililofunguliwa mwaka jana na mkubwa yule aliyekuja na magari mengi? Katika darasa la sita, la mwisho kabisa, kuna ufa. Umeanzia pembeni mwa dirisha, umeshuka mpaka sakafuni. Kasuku anakaa hapohapo. Ananiambia penseli yake inaingia nusu. Nilidhani ni maneno yake ya kuongeza chumvi, nikaenda kutazama mchana watoto walipokuwa nje. Penseli iliingia nusu.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Alinisikiliza, siku ya pili akasogeza kabati la vitabu likauziba ufa. Nilipomuuliza tena, kwa sauti yangu hiyohiyo, akasema mkaguzi wa majengo haji bila kuandikiwa barua na shule, na yeye haandiki barua bila kuambiwa na afisa elimu, na afisa elimu hasemi kitu mpaka aone taarifa ya mkaguzi. Nikabaki nazunguka nayo kichwani kama ng'ombe wa kinu.

Mjomba, mkaguzi wa majengo wa eneo hili lote ni wewe. Njoo utazame. Sitaki kitu kingine.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta safarini, ndiyo maana jibu limechelewa. Binamu zako wote wazima; mkubwa amejifunza kuendesha pikipiki na mimi nimejifunza kuomba Mungu. Mwambie dada asidanganyike na goti kutulia. Goti ni kama mkwe, likinyamaza linapanga jambo.

Nimefurahi kusikia unafundisha. Kazi hiyo itakutoa aibu. Usiwe na haraka ya matokeo, yatakuja.

Kuhusu lile ulilolitaja, limepokelewa na linashughulikiwa. Uelewe kwamba serikali haiendi kwa penseli ya mtoto. Kuna taratibu. Shule huandika, ofisi hupanga ratiba, mkaguzi hupewa gari, ndipo huenda. Nikienda kila ninapoitwa na ndugu, nitakuwa fundi wa familia. Isitoshe, ufa mwingi ni wa lipu tu. Lipu ni ngozi, nayo huota makunyanzi. Makunyanzi hayaui mtu.

Wasalimie wote. Kasuku aweke penseli yake kwenye daftari.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Kasuku hajambo. Mvua imeanza.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeandika linashughulikiwa. Linashughulikiwa na nani? Nimemuuliza mwalimu mkuu, si yeye. Nimemuuliza karani wa elimu aliyekuja kuhesabu madawati, akacheka. Umebaki wewe, na wewe uko huko, unaniandikia kuhusu makunyanzi.

Nikuambie kitu ambacho sikutaka kukuambia. Kwenye mtihani wa uraia tuliulizwa tueleze maana ya afisa wa umma na kazi yake, kwa kutoa mfano. Nilijua jibu la kitabuni: ni mtu aliyekabidhiwa madaraka na wananchi ili awafanyie yale wasiyoweza kujifanyia wenyewe. Mfano nilikutoa wewe. Niliandika kwamba watu wa kawaida hawawezi kuujua ukuta kwa kuutazama, kwa hiyo wamemweka mtu wa kuujua kwa niaba yao, nao wanalala. Niliandika ukurasa mzima na mkono ukaniuma. Leo nikikumbuka nasikia uso unawaka moto. Natamani msahihishaji awe ameuruka.

Sasa sikiliza habari za ukuta. Kasuku na wenzake walilisogeza kabati mwalimu asipokuwepo. Penseli haiingii nusu tena, inapita. Anachungulia nje na kunisimulia mbuzi waliopita. Mlango wa darasa hilo haufungi. Zamani ulifunga kwa kidole, sasa mwalimu wao anausukuma kwa bega na bado unabaki wazi juu. Mimi si fundi, lakini najua mlango hauvimbi upande mmoja tu.

Wewe unasubiri gari. Watoto wanakaa chini ya ukuta huo kila siku, na hawakuandikiwa barua ya kuja. Wao walikuja kwa miguu.

Sijawahi kumwandikia mtu mzima hivi. Nimeandika, na siifuti.

Mpwa wako


9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa salamu yako safari hii ilikuwa ya mlango wa nyuma.

Nimemwonyesha barua yako mtu mmoja tu, nayo ni taa ya mezani. Angeiona mama yako angekuchapa na futi yake ya kushonea. Mimi ni kaka wa mama yako. Nilikubeba. Heshima si koti la kuvaa ukihisi baridi.

Unataka kujua kwa nini siji, basi nitakuambia mara moja na usiulize tena. Nilipeleka ombi. Mkuu wangu wa idara alilisoma akanirudishia mkononi, hakulitia hata kwenye faili. Akaniuliza kama najua jengo lile lilifunguliwa na nani. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua maana ya kulifunga jengo ambalo mkubwa amelikatia utepe. Maana yake ni kumwambia mkubwa kwamba alikata utepe bila kutazama kilichokuwa nyuma yake. Akaniambia nikanywe chai.

Nimebakiza miaka michache nistaafu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Hayo hawakuyaandika kwenye kitabu chenu cha uraia.

Mwambie mwalimu mkuu ahamishe watoto kimyakimya, mmojammoja, bila kelele wala barua. Na wewe usiniandikie tena habari za jengo hilo. Niandikie habari zako.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Umesema nikuandikie habari zangu. Hizi ni habari zangu.

Nilimpelekea mwalimu mkuu ushauri wako. Alisema hawezi kuhamisha watoto kimyakimya, kwani watoto mia na zaidi si panya. Wazazi watauliza, na yeye atajibu kwa mamlaka ya nani? Alisema, "Binti yangu, mimi nipewe alama tu. Nipewe alama, nitawatoa asubuhi ileile."

Basi Jumapili nilichukua kopo la rangi nyekundu lililobaki tulipopaka mlango wa chumba cha cherehani, nikachukua na rula ndefu ya ubao, nikaenda shuleni mchana kweupe. Kwenye ukuta wa nje wa darasa la sita nikachora X kubwa, kama mnazochora nyinyi kwenye majengo yasiyofaa kukaliwa.

Mlinzi wa Jumapili ni mgeni, hanijui. Aliniuliza kama nimetoka wilayani. Unajua mimi nikiulizwa kitu ghafla ulimi huganda. Akaona kunyamaza kwangu ndiyo ukubwa, akanishikia kopo. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasimama. Akasema, "Afisa, na nyumba zetu mtazifikia?" Nikamjibu sijui. Akasema, "Ndiyo majibu yenu hayo," akaenda zake.

Nilikuwa na hasira kuliko hofu, mjomba. Muda wote nilikuwa nafikiri ilivyo rahisi. Rangi kidogo na mkono mmoja. Hicho ndicho kitu ambacho wewe umeshindwa kukifanya tangu Februari.

Jumatatu mwalimu mkuu aliitazama alama hiyo kwa muda mrefu. Hakuuliza imetoka wapi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Kabla ya kengele ya pili jengo zima lilikuwa tupu. Darasa la sita na darasa langu la pili yanasomea bwaloni, ubavu kwa ubavu, na nusu ya somo langu husikii isipokuwa Kasuku.

Lakini Ijumaa walikuja mtendaji wa kata na afisa elimu. Mtendaji akatazama, akacheka. Alisema wakaguzi hawapigi rula, na X yao ina herufi za ofisi na tarehe chini yake. Hii haina baba wala mama. Kisha akaacha kucheka. Alisema kujifanya afisa wa serikali ni kosa la jela, atamtafuta aliyefanya, na mwezi ujao alama ipakwe chokaa na watoto warudi madarasani. Mwalimu mkuu akasema ndiyo mheshimiwa. Mimi nilikuwa mlangoni mwa bwalo na chaki mkononi. Nikarudi ubaoni.

Mama nimemwambia. Alikaa kwenye cherehani bila kushona.

Sikuombi unifiche. Nakuomba hiyo X uipe baba.

Mpwa wako


6 Mei

Mjomba,

Hujajibu. Chokaa imeletwa. Mifuko iko mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu na imefunikwa turubai ili mvua isiilowanishe. Chokaa wanaijali isilowe.

Wanapaka Jumatatu ya wiki ijayo. Jumanne watoto wanarudi.

Leo sina salamu.

Mpwa wako


24 Mei

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu akanifokea kwa kufika shuleni nisifike nyumbani. Ana haki. Ningefika kwenu ningekunywa chai, na ningekunywa chai ningemwambia yeye kwanza lile ninalotaka kukuambia wewe. Uliniona kupitia dirisha la bwalo, nami nilikuona. Hukuacha kufundisha. Ulifanya vizuri.

Nitakueleza yaliyotokea nyuma ya jengo, maana utakuwa umesikia robo yake na Kasuku amejazia zilizobaki.

Sikupewa gari. Nilipanda basi na mfuko wangu wa kazi. Mwalimu mkuu alinipokea kama mgonjwa anavyompokea daktari aliyekwishakata tamaa naye. Wapaka chokaa walikuwa wamefika, wanakoroga. Niliwaomba wangoje. Nilining'iniza timazi kutoka juu ya ukuta. Uzi wa timazi hutakiwa kuufuata ukuta mpaka chini, kama kivuli. Huu uliachana nao tangu dirishani. Chini kabisa nilipitisha kiganja katikati ya uzi na ukuta, kisha nikapitisha ngumi. Nikagonga kwa nyundo ndogo karibu na ufa, lipu ikaanguka, na ndani hapakuwa na saruji ya maana. Nilikwangua kwa kucha. Ulikuwa mchanga. Mmoja wa wapaka chokaa akaweka ndoo chini, akasogea nyuma.

Mtendaji alikuja mbio. Akaniuliza, "Nani kakutuma?"

Nikamwambia, "Nimeajiriwa."

"Nauliza, nani kakutuma?"

"Na mimi nimekujibu."

Akapiga simu palepale kwa mkuu wangu wa idara. Wakati anazungumza nilichukua brashi na rangi yangu. Chini ya X yako niliandika herufi za ofisi na tarehe kwa mkono mtupu, kwa hiyo hakuna atakayesema nilitumia rula.

Sasa lile ambalo mama yako hajalijua. Mtendaji alirudi na sura nyingine. Aliniambia kwa upole, bwana mkaguzi, yaishe, sema alama ya kwanza ulimtuma mtu wako aje aichore, nasi tutaandika hivyo. Mwalimu mkuu alikohoa na kunitazama, nikajua anajua ni wewe na ananifungulia mlango. Nilihitaji neno moja tu, nalo ni ndiyo.

Nilisema hapana. Nilisema imechorwa na mpwa wangu, hakutumwa na mtu, na hana mamlaka ya kuchora alama ya serikali kwenye jengo lolote. Nimeliandika hivyo na kwenye taarifa.

Kasirika. Nilijua utakasirika tangu nikiwa kwenye basi. Lakini taarifa ile itasomwa na watu wanaotafuta tundu la sindano wapitie. Ningedanganya kwenye mstari mmoja, wangeufuta ukurasa mzima, pamoja na ukuta. Nilichagua ukuta. Utaitwa kwa mtendaji tarehe mbili. Nenda na mama yako. Sema kweli na usiitie sukari.

Mimi nimeondolewa kwenye ukaguzi. Nimepewa chumba chini ya ngazi napokea viti vilivyovunjika kutoka idara nyingine. Kuna viti vingi serikalini kuliko nilivyodhani, na vyote vimevunjika mguu uleule.

Mjomba wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu kwa mdomo, moyo wake bado uko mbali nawe. Umenitaja mbele ya mtendaji, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya wapaka chokaa. Nilikuomba kwa miezi mitatu uje, na ulipokuja ukanikabidhi. Nimelia, na si kidogo. Kisha nimesoma tena ule mstari wa tundu la sindano, nikakasirika zaidi, kwa sababu sikuona pa kukukosoa.

Tarehe mbili tulikwenda. Mama alivaa gauni lake la kanisani, mimi nilivaa sketi ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yangu ya ofisini. Meza ilikuwa ndefu, mtendaji, afisa elimu na karani wake upande mmoja, sisi upande wa pili. Mtendaji alisoma sehemu ya taarifa yako inayonihusu. Ile inayohusu ukuta hakuisoma. Kisha akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba mimi bado mdogo, niseme ulikuwa utoto tu, niombe radhi, niende nyumbani. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Sijui alitaka niseme au ninyamaze.

Nikasimama. Nilisema nilichora, na haukuwa utoto.

Afisa elimu akaniuliza, "Kwani wewe ni afisa?"

Nikasema, "Hapana. Maafisa mlikuwa nyinyi."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, mjomba. Sauti ilitoka ndogo, na kwa kuwa ilikuwa ndogo wote walikuwa wameinama mbele kunisikiliza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Mtendaji alivua miwani akaifuta, na aliifuta kwa muda. Mama aliondoa mguu wake.

Wamenipa onyo la maandishi na wamenitoa kwenye darasa la pili. Watoto walinisindikiza mpaka getini, na mmoja wa wale wa nyuma alitaka kujua kama sasa ni yeye atakayeongeza sauti. Mama amenipa sehemu ya kushona vifungo mpaka matokeo yatoke.

Taarifa yako imefika juu, sijui kwa njia gani, maana wiki iliyopita walikuja wakaguzi wengine wawili na gari. Walining'iniza uzi wao, wakatazamana, wakarudi kwenye gari. Jana wakaja mafundi kuubomoa ukuta wa darasa la sita. Nilikwenda kutazama nikiwa nje ya uzio kama mtu yeyote. Walifunga kamba kwenye dirisha, wakajipanga wanne, msimamizi wao akaanza kuhesabu ili wavute pamoja. Alisema moja. Alisema mbili. Kabla hajasema tatu ukuta ulikuwa umeshalala, na ulilala kwa ndani, juu ya sakafu ambako madawati yalikuwa yameacha alama zake.

Mwalimu mkuu alikaa chini palepale, kwenye tope, na suruali yake nzuri.

Siwezi kuacha kuwaza kwamba ungeweza kuja Februari. Ninajua umelipa. Ninajua uko chini ya ngazi na viti vyako. Bado nawaza hivyo, na sidhani kama nitaacha hivi karibuni.

Mama anasema uje Jumapili. Mimi nasema uje pia. Lakini usitegemee nitacheka.

Mpwa wako